Ni Kweli Nilimpiga Baba Mkwe kwa Mchi

Singida Mjini,
Jumatatu asubuhi.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Shikamoo tena, maana leo moja haitoshi. Natumai kifua kimekuacha, na mama naye miguu haimsumbui kama wakati ule wa masika. Mimi mwili ni mzima. Kula nakula, ila kijiko kinagonga meno kwa jinsi mkono unavyotetemeka, na mwandiko huu utauona umelala upande kama wa mtoto wa darasa la kwanza. Usidhani naumwa. Ni mshtuko, Baba, na sijui utanitoka lini.

Najua Jumatano iliyopita mume wangu Idi alimpa dereva wa basi barua yako, ya kukuita uje huku upesi kwa kesi ya mwanao. Sikuonyeshwa alichoandika. Lakini kama ameandika kwamba nimempiga baba yake mzazi kwa mchi wa kinu, ni kweli. Nilimpiga mara mbili, kwa nguvu zangu zote, na mkono wake wa kulia umevunjika. Nakuomba usiichane barua hii. Kaa chini uisome mpaka mwisho.

Nianze na mashine, maana yote yametoka kwenye mashine.

Tangu biashara iachiwe huru, mji huu umejaa vitu ambavyo hata wanaoviuza hawajui vinaitwaje. Duka la wakwe zangu, ambalo mwaka niliokuja kama bibi harusi lilikuwa linauza chumvi na mafuta ya taa, na sabuni watu waliipangia foleni, sasa limejaa redio, mapazia, plagi na sabuni za kila rangi. Na Idi unamjua, akishaona kitu kina waya hatulii. Kulikuwa na Mzungu mmoja wa mradi wa visima anarudi kwao, anauza vyombo vya nyumbani. Idi akaenda kununua friji. Friji akakuta limeshachukuliwa, akarudi na sanduku kubwa jeupe la bati, la zamani, lina mlango mbele na maandishi ya Kijerumani. Tukamuuliza ni nini. Akasema ni mashine ya kukausha nguo.

Ya kukausha nguo, Baba! Singida! Huku ukianika kanga, hujafika mwisho wa kamba, ya kwanza imeshakauka imekuwa ngumu. Upepo wa huku unaanua nguo wenyewe na kuzipeleka kwa jirani. Idi akasema mke wa yule Mzungu alikuwa hathubutu kuanika nje, anaogopa wale nzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mama mkwe yeye aliizunguka mashine mara mbili, halafu akauliza, "Na kukunja, inakunja?"

Ikawekwa sebuleni, juu ya zulia, kando ya kabati la vioo, ikafunikwa kitambaa cha kufuma ambacho wifi yangu Zaituni alikifuma kwa ajili ya redio. Juu yake mama mkwe akaweka maua ya plastiki. Ikapendeza, siwezi kusema uongo.

Shida ilikuwa plagi. Mzungu alikuwa ameikata ya kwake akaondoka nayo, waya umebaki na ncha tatu tupu. Fundi umeme wa hapa mtaani alikuwa amekwenda Manyoni kwa kazi. Idi akanitazama. "Mwana, si baba yako ni fundi? Si umekua unamshikia tochi?" Nakueleza yaliyokuwa moyoni mwangu siku hiyo, maana ndiyo yaliyoniponza. Niliona fahari. Miaka mitatu niko nyumba hii, hakuna aliyewahi kuniuliza ninajua nini. Najulikana kama yule mtu wa Tanga anayetaka kutia nazi kwenye kila kitu. Sasa wote wamesimama wananitazama, na mimi nina bisibisi mkononi. Nikachukua plagi dukani, nikaanza kuimba kimoyomoyo somo lako lile la kule kwenye mashamba ya mkonge: nyekundu moto, nyeusi baridi, kijani udongo.

Waya mwekundu ulikuwepo, nikaufunga kwenye moto, unakotoka umeme. Mweusi ulikuwepo, nikaufunga kwenye baridi, unakorudi. Wa tatu ulikuwa wa kijivu. Kijivu hukunifundisha. Nikajiambia hii ni kijani ya Wazungu, imepauka tu, nikaufunga kwenye udongo. Tukawasha. Kimya, hakuna hata mlio. Nikatikisa kichwa kama unavyotikisa wewe, nikatoa hukumu kwamba mota imeungua. Testa, ile bisibisi yenye kitaa cha kupimia umeme, sikuishika. Niliona mota ikishakufa imekufa, kazi imekwisha.

Idi akanuna siku moja, akasahau. Mashine ikabaki kuwa meza ya maua. Iliposimama juu ya zulia hakuna aliyesikia chochote, na swichi ya ukutani mara nyingi ilikuwa imezimwa.

Jumanne iliyopita kulikuwa na dua nyumbani, ya kumrehemu babu yao. Sebule ilitakiwa itandikwe mikeka, kwa hiyo vijana waliinyanyua mashine wakaipeleka kwenye ujia wa uani, karibu na mlango wa bafu, juu ya sementi. Idi akaichomeka hapo, akawaonyesha rafiki zake mzigo wake. Haikuzunguka, wakamcheka, wakaenda zao kwenye dua, na swichi ikabaki imewashwa. Mimi nilikuwa mwisho wa ujia huo huo natwanga karanga.

Baba mkwe wangu, Mzee Ramadhani, akatoka bafuni alikokuwa anatia udhu. Nimekwisha kukueleza adabu ya watu wa huku, kwamba mkamwana hakaribiani na baba mkwe, hamtazami usoni, hamgusi, na mzee akiwa na neno kwako humwambia mtu mwingine akufikishie. Kwa hiyo niliposikia mlango nikafanya kama kawaida, nikageukia ukuta, nikaacha kutwanga ili apite. Nikasikia kubadhi moja imegonga sakafu. Nikangoja ya pili. Sikuisikia. Wala hatua, wala kikohozi. Kimya kile ndicho kilichonigeuza.

Alikuwa ameshika ukingo wa mashine kwa mkono wa kulia, nadhani alijishikiza ili avae kubadhi. Mkono wa kushoto uko ukutani, miguu haina kitu, maji yanamchuruzika. Meno yote yako nje. Shingo imekaza. Na macho yake, Baba, yalikuwa yananitazama mimi usoni, kwa mara ya kwanza tangu niolewe. Hakuweza kusema. Alikuwa anakufa mbele yangu bila sauti, na mimi nina kilemba cha kanga kimelegea kichwani, na jambo la kwanza lililonijia akilini, Mungu anisamehe, lilikuwa nijifunike vizuri.

Swichi ya ukutani ilikuwa nyuma ya mgongo wake na ujia ni mwembamba, ameujaza wote. Nikakusikia wewe unanikaripia kama zamani, kwamba aliyeshikwa na umeme haguswi kwa mkono. Mkononi nilikuwa na mchi, mti mkavu. Nikampiga kwenye mkono. Haukuachia. Nikampiga tena, na safari hii nilisikia mfupa. Akaanguka chali. Nikanyoosha mchi juu yake nikaibonyeza swichi ikazima.

Zaituni alitoka hapo hapo. Yeye hakuona mashine. Aliona baba yake yuko chini, na mimi nimesimama juu yake na mchi hewani.

"Mama yangu! Mwanaidi anamuua baba!"

Watu wa dua wote wakamiminika. Nilisema, "Umeme! Ni umeme, msiiguse mashine!" Mwanaume mmoja akaiwekea kiganja chake. Akaipapasa juu na chini. "Mbona haina kitu hii? Imezima kabisa." Nikamwambia nimeizima mimi sasa hivi. Lakini nani atamsikiliza mwanamke mwenye mchi, Baba? Walinipokonya wakanivuta jikoni. Mama mkwe alikuja mlangoni, hakulia, hakupiga kelele. Alisema, "Tulikupokea hapa kama mtoto wetu. Mzee wa watu amekukosea nini?"

Mzee alipelekwa hospitali. Kusema alikuwa hawezi, ulimi ameung'ata umevimba, na aliporudi Ijumaa, mkono umefungwa plasta, akawa hakumbuki kitu. Anakumbuka anatia udhu, halafu anakumbuka kitanda cha hospitali. Kwa hiyo shahidi wangu wa pekee alikuwa hana ushahidi. Tangu Jumatano ilikuwa imeshapangwa kwamba wazee wa ukoo waje kutoka Sepuka, wanisikilize, na wewe uitwe unichukue. Idi aliniambia ana kwa ana. "Ikithibitika, Mwana, hata mimi sitaweza kukuzuia. Ni baba yangu." Halafu akasema neno lililoniuma kuliko yote. "Niambie tu ukweli, mlikosana nini?" Yeye, Idi, ambaye anajua hata kuku simchinji.

Niliwaomba waniache niiwashe mashine mbele yao. Mama mkwe akasema hakuna atakayewasha kitu mpaka wazee wafike.

Kikao kikawa Jumamosi, pale pale kwenye ujia na uani, baada ya adhuhuri. Wazee wawili kwenye viti, Mzee Ramadhani nyuma yao na mkono wake kifuani, mama mkwe na Zaituni kwenye mkeka, Idi amesimama. Zaituni akaeleza alichokiona, na hakuongeza hata neno, nampa haki yake. Mzee mmoja akaniuliza kama nina la kusema.

"Ninaomba testa," nikasema.

"Testa ni nani?" akauliza.

"Ni shahidi wangu."

Idi akaileta kutoka dukani. Nikavaa ndala, nikawaomba wote wakae mbali, nikawasha swichi bila kubadilisha chochote. Nikaigusisha testa kwenye bati la mashine, na kile kitaa cha ndani kikawaka chekundu. Nikagusa ubavuni, kikawaka. Nikagusa mlango, kikawaka. Mzee aliyeuliza testa ni nani akanyanyua miguu juu ya kiti.

"Yaa!" mama mkwe akasema. "Kumbe lilikuwa linamla!"

Zaituni akaziba mdomo kwa viganja viwili. Halafu akainuka akanikumbatia, anasema nisamehe, nisamehe. Wazee wakaanza kutikisa vichwa na kumlaani yule Mzungu, kwamba amewauzia watu kifo kisha akapanda ndege. Idi alijifuta jasho. Nilikuwa nimeshinda, Baba. Ningenyamaza hapo hapo ningekuwa nimeshinda, na barua hii ingekuwa ya vicheko.

Lakini wewe ulinilea vibaya, silali mpaka nijue kitu kimekufa kwa sababu gani. Nikafikiri ni waya umechubuka ndani. Nikazima, nikachomoa plagi, nikafungua bati la nyuma. Nikaufuata waya mwekundu kwa kidole. Haukwenda kwenye swichi. Haukwenda kwenye mota. Ulikuwa umefungwa kwa nati kwenye mwili wa mashine wenyewe, kwenye bati tupu, na nati ina rangi ya kiwandani haijawahi kuguswa na mtu. Nikachukua betri mbili na balbu ya tochi, nikajaribu. Mwekundu na bati, balbu ikawaka. Mweusi ulikwenda kwenye swichi. Wa kijivu ulikwenda kwenye mota.

Nilikaa chini. Kwa watu waliotengeneza mashine ile, nyekundu ndiyo udongo, ule waya wa kumlinda mtu unaofungwa kwenye bati. Hakuna kilichoungua wala kuchubuka. Mota ni nzima. Ni mimi niliyeuchukua moto wa ukutani, kwa mkono wangu, nikiimba, nikaufunga kwenye mwili wa mashine.

Idi akainama karibu yangu. "Vipi?" Nikamweleza kwa sauti ya chini. Alielewa mara moja, maana yeye ndiye aliyenituma niifunge plagi. Akatazama nyuma, akanong'ona, "Funga, Mwana. Wameshakuelewa. Funga tu." Simlaumu. Aliogopa kwa ajili yangu, na siku zote hizo nilikuwa nikitamani aogope kwa ajili yangu. Niliishika skrubu ya kwanza nikaiweka kwenye tundu lake. Halafu nikamwona Mzee Ramadhani anashika vidole vya mkono wake uliovunjika, anavipapasa kimoja kimoja kama mtu anayehesabu vimebaki vingapi. Sikuweza. Niliitoa skrubu nikaiweka sakafuni.

Nikasema. Nilisema plagi niliifunga mimi. Nilisema Mzungu hana kosa, mashine haina kosa, rangi nilizisoma kwa kanuni ya kwetu na wao wana yao, na kwamba testa ile ile ningeishika siku ile ya kwanza, mzee asingeguswa. Nilisema yote nimepiga magoti, natazama sementi. Mama mkwe alikuwa ameacha mdomo wazi. Zaituni mkono wake ulikuwa begani kwangu, nikausikia unaondoka.

Mzee Ramadhani alikohoa. "Muulize, alijua?"

Zaituni akanigeukia. "Baba anauliza, ulijua?"

"Mwambie sikujua. Nilijiona ninajua."

"Muulize, siku ile kwa nini hakunivuta?"

"Mwambie ningemshika tungekufa wote wawili." Kisha nikaona niseme na la pili, maana nimeshaanza. "Na mwambie tangu niolewe sijawahi kumgusa hata upindo wa kanzu. Nisingejua nimshike wapi. Mchi ndio uliokuwa mkononi."

Mzee mmoja wa Sepuka alitaka kucheka akajizuia. Baba mkwe aliitazama mashine. Halafu akasema, "Amalize kazi."

Nikaifungua plagi. Niliangusha nati mara tatu. Mweusi kwenye moto, kijivu kwenye baridi, mwekundu kwenye udongo. Nikachomeka, nikagusisha testa kila upande, haikuwaka. Nikavua ndala, nikasimama kwenye sementi, nikaweka mgongo wa kiganja changu kwenye bati kama ulivyonifundisha. Hakuna kitu. Nikabonyeza kitufe, na lile sanduku likanguruma likaanza kuzunguka, linatoa hewa ya moto, na watu wote wakaruka nyuma. Wote isipokuwa Mzee Ramadhani. Yeye aliinuka, akavua kubadhi zake, akaja miguu mitupu mpaka nilipo, na mkono wake wa kushoto akauweka kwenye mashine, kando ya wangu.

"Baba Idi, jamani!" mama mkwe akalia.

Hakuutoa. Alisimama hivyo mpaka aliporidhika. Halafu akasema na mimi mwenyewe, bila kumtuma mtu. "Mwanaidi," akasema, "nguo za nyumba hii zitaanikwa nje."

Hapo ndipo nilipolia, Baba, na nililia vibaya.

Sasa nina ombi, na ni la haraka. Jana nilikukasirikia, nasema ukweli. Nilijisemea, ni baba aliyenifundisha wimbo ule. Kisha nikafikiri, nawe ulifundishwa hivyo hivyo, na hukuwahi kuonyeshwa nyingine. Lakini lile friji la zamani la kantini ya shamba, lililoachwa na wale mameneja Wajerumani, plagi yake uliifunga wewe na mimi nilikushikia tochi. Sikumbuki ndani kulikuwa na rangi gani. Wewe je, unakumbuka? Na ile pasi ya Ulaya ya mama mwalimu, uliyoifunga plagi wewe pia? Nenda asubuhi hiyo hiyo utakayopata barua hii, na betri mbili na balbu, ufuate kila waya mpaka mwisho wake. Usiamini rangi. Wanawake wa kantini wanafanya kazi miguu mitupu.

Nisalimie mama sana, mwambie asianze kufunga mizigo kwa hofu. Nisalimie bibi mzaa mama, na yeye umsomee hii polepole na uiruke sehemu ya mfupa. Kaka yangu anayejifunza ufundi kwako mpe salamu, naye asimame nyuma yako wakati unafungua hizo plagi. Shangazi aliyenifunda kabla ya harusi mwambie mafunzo yake yote nimeyashika isipokuwa moja. Idi anakuamkia, shikamoo, na anasema barua yake ya kesi uichane, uje ututembelee tu. Zaituni naye anakuamkia, sasa anafuma kitambaa kipya.

Nilikuwa nataka kuifunga barua hapa, lakini baba mkwe ametaka nimsomee kwanza. Amesikiliza yote akiwa upande wa pili wa pazia, hata zile sehemu za aibu. Nilipomaliza akasema niongeze neno lake kwako, na niliandike kama alivyolisema: "Mwambie mzee mwenzangu, bintiye angeniheshimu siku ile, leo mzee mwenyewe angekuwa njiani anakuja kunizika."

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi.